Jagi Lililokosekana Kabatini

Nanjala alikuwa amesimama gizani ndani ya stoo ya jikoni, amekumbatia jagi la kioo lililojaa maji hadi kooni. Mbele yake mlango, nyuma yake gunia la mahindi, ubavuni mtungi wa gesi, miguuni ndoo ya mchele. Kuinama hawezi. Kuliweka jagi chini hawezi. Na nje ya mlango huo, viatu vizito vya Wesonga vilikuwa vinatembea sebuleni.

Hakutazamiwa saa hizi. Wesonga ni mhudumu wa hoteli moja kule Parklands. Hutoka Mutuini asubuhi na kurudi usiku. Tangu Jumapili mambo yalikwenda kwa mpango huo huo. Nanjala analala kwa Awuor, jirani wa chini. Wesonga akishapanda bodaboda kwenda steji, Nanjala anapanda ngazi, anashinda na Lornah, mke wa Wesonga, na kabla jua halijatua ameshateremka. Leo Lornah alikuwa amelitoa jagi kabatini, akisema hataki kumwona Nanjala akinywa maji kwa kikombe cha plastiki. Nanjala ndiyo kwanza amelijaza, sauti ya Wesonga ikasikika kwenye ngazi. Lornah akamsukuma stooni bila neno.

Miaka minne alikuwa amemkwepa mtu huyu. Siku moja walikaribia kukutana sokoni Kimilili, Nanjala akaingia chini ya meza ya fundi cherehani, akakaa huko mpaka miguu ikafa ganzi. Sasa yumo ndani ya nyumba yake. Akimkuta humu, aibu itakayomwangukia Lornah haitatoka kwa sabuni. Asimwone: hilo tu ndilo aliloomba kwa Mungu.

"Leo hoteli imehama?" Lornah aliuliza, akijitahidi kucheka.

Wesonga akamweleza kwamba maji yamekatika tangu asubuhi, na hoteli bila maji ni jengo tu, kwa hiyo wameambiwa waende nyumbani. Tena heri. Kesho anajaribiwa kazi ya mhudumu mkuu. Atamimina maji, kahawa na mvinyo mbele ya wakubwa, na tone moja likidondoka kwenye kitambaa cheupe, basi, habari yake imekwisha. Atafanya mazoezi hapa hapa mpaka usiku.

Mpaka usiku.

Akasikia kabati la sebuleni likifunguliwa. Vyombo vya Wesonga Nanjala alivijua kimoja kimoja, kwa jinsi alivyovitazama siku hizi zote: cha mvinyo, chenye shingo ndefu kama ya mbuni; cha kahawa, chenye tumbo la mviringo na mkono mweusi; na hili jagi pana la maji, lenye mdomo uliochongoka kama wa kinda anayengoja kulishwa. Wesonga alivipata hoteli moja ya zamani ilipouza vyombo vyake, akavibeba mapajani mpaka nyumbani kama mtoto mchanga.

"Jagi langu la maji liko wapi?"

"Awuor aliliomba," Lornah akasema. "Ana wageni."

"Awuor mwenye vikombe vya plastiki? Leo amekuwa tajiri?" Sauti ilikuwa ya chini, na utulivu huo ndio uliotisha. "Enda ukalete. Saa hii."

Mlango ukafungwa. Malapa ya Lornah yakashuka ngazi, yakafifia, yakanyamaza. Hapo Nanjala akaelewa: uongo ule umemtoa Lornah nje na kuwaacha wao wawili peke yao.

Jagi lilikuwa linatoa jasho. Vidole vyake viliteleza, akavirudisha, vikateleza tena. Kioo kikagusa mtungi wa gesi, kikalia kama kengele ndogo ya kanisani.

Viatu vikasimama.

"Hawa panya watatuhamisha," Wesonga akasema peke yake, akaingia jikoni.

Akaanza kukinung'unikia kile chombo cha mvinyo, kwamba kimeshika ukungu shingoni. Nanjala akamsikia akichukua siki dirishani. Mara ngapi Lornah amemsimulia jinsi mumewe anavyovisafisha! Shingo ile haipitishi mkono. Unatia siki kidogo, unatia na mchele kiganja kimoja, halafu unatikisa mpaka kioo king'ae.

Mchele.

Komeo likatingishika. Leso ya kujifunika uso ilikuwa kiunoni, na mikono yote miwili ilikuwa imeshika jagi. Akaliinua mbele ya uso, na papo hapo akakumbuka kwamba kioo hakijawahi kumficha mtu. Mlango ukafunguka, mwanga ukaingia, na kupitia yale maji akamwona Wesonga amepindika, mpana kama kabati, macho yamemtoka.

Chombo cha mvinyo kikaanguka, kikatawanyika sakafuni. Wesonga hakukitazama. Alijifunika macho kwa mikono yote miwili kama aliyerushiwa pilipili, akageuka, akajigonga kwenye fremu ya mlango, akaangusha kiti njiani, akatoka mbio na kiatu kimoja tu mguuni.

Lornah alimkuta kwenye ngazi, jitu la kilo tisini, limebana uso ukutani na halitaki kugeuka.

"Lornah," akasema, "si ungeniambia mama yako amekuja, nilale kazini. Sasa nimemwona mama mkwe uso kwa uso, jambo ambalo mila yetu imekataza, nyumbani nitaenda kusema nini?"