Kibuyu cha Mama Mkwe

Tangu asubuhi Ndeshi alikuwa akihema nyuma ya mama mkwe wake, koo limemkauka, na kibuyu cha maji kinaning'inia mgongoni kwa yule bibi bila kufunguliwa. Kila alipotaka kumpokea, aliambiwa, "Acha, mke wa Sifaeli. Maji haya si ya njiani."

Kipupwe kilikuwa kimeingia, nyasi za mlimani zimegeuka rangi ya asali. Bibi alipanda bila kutua, kama mbuzi wa majabalini, hata hasira za Ndeshi zikamwisha, akabaki kumstaajabia tu.

Ziwa likatokea ghafla, limelala kimya katikati ya miamba. Mama mkwe akapiga magoti, akaanza kulimiminia maji ya kisima cha nyumbani. Ndivyo wanawake wa ukoo ule wanavyolibishia hodi. Kibuyu kilipofika nusu, akageuka.

"Malizia wewe, mwanangu."

Tangu harusi hakuwahi kumwita hivyo. Ndeshi akamimina yaliyobaki. Alipoinua macho, mama mkwe alikuwa ameshachota maji ya ziwa kwa viganja, amemnyooshea yeye kwanza, matone yakivuja katikati ya vidole vyake.