Siku Mbili za Fintan

Malachy alimeza chaza wa mwisho huku amefumba macho kama anayekunywa dawa ya mitishamba, kisha akasukumizia kwa bia nyeusi.

"Mzee wangu, huwapendi, umeagiza wa nini?" Nuala, mhudumu wa baa, alimcheka.

"Nimesikia mtu akija Galway kwa siku mbili hawezi kuondoka bila kuwaonja."

"Umedanganywa! Siku mbili uende ukasikilize fidla, ukawaone bata maji pale Claddagh."

"Fidla nilisikiliza jana. Bata maji nimewaona asubuhi. Nimekaa chini ya Tao la Wahispania nikala samaki na chipsi, nusu zikapeperushwa na upepo. Sasa niko hapa, meza ya dirishani. Nikitoka naelekea daraja la kanisa kuu."

Nuala akaacha kufuta glasi.

Njia hiyo aliijua. Mji mzima uliijua. Mwaka uliopita magazeti yaliieleza kituo kwa kituo: ndiyo aliyopita Fintan, kijana kutoka Mayo aliyekuja kutembea wikendi moja. Jioni ya pili alibishana juu ya jambo la kipuuzi darajani na kijana mwenzake, wote wamelewa. Akasukumwa. Mto ukamchukua.

"Nilimhudumia mimi," Nuala alisema. "Meza hiyohiyo. Hao chaza nilimshauri mimi, akawacheka, akawamaliza. Maskini! Pole, baba. Pole sana."

"Binti, mimi..." Malachy alianza.

"Kwenye kesi ulikuwepo?" Nuala alimkatiza.

"Kila siku. Nilisikia yote aliyoyafanya hapa mjini. Nikasema lazima nipite mwenyewe, nijue alikuwa mtu wa namna gani."

"Wazazi hamtujui, kweli," Nuala alisema, akifuta macho kwa kitambaa cha glasi.

Habari ikazunguka baa kwa minong'ono. Mzee mmoja alivua kofia. Mwingine alikuja kumshika mkono, akaung'ang'ania. Malachy alipotoa pochi, Nuala aliirudisha mfukoni mwake kama anayemkanya mtoto.

"Na yule mshenzi aozee hukohuko jela!" mtu alifoka kutoka kaunta.

Malachy aliinamia glasi yake.

"Nyamaza wewe, huoni unamtonesha?" Nuala alimkemea. Akavaa koti lake. "Twende, baba. Huendi kule peke yako."

Walitoka pamoja. Manyunyu yalikuwa yameanza. Darajani, mtu alikuwa ameegemeza maua ukingoni, yamenyauka, na chini yake Mto Corrib ulikuwa ukipita kwa kishindo, umejaa, rangi ya chai isiyo na maziwa. Malachy alivua kofia, akaweka kiganja juu ya jiwe lililolowa, akalia kwa sauti kama watu walivyolia zamani kwenye matanga. Nuala naye akalia.

"Alikuwa na roho nzuri, mwanao," alimwambia, akimkumbatia. "Galway haitamsahau."

Malachy alijitoa taratibu mikononi mwake.

"Mwanangu yuko hai, binti," alisema. "Ndiye aliyemsukuma."