Uboho wa Khwezi

Sindano haikumuuma Khwezi. Aliangalia damu yake ikijaa kwenye kichupa kama vile ni ya mtu mwingine.

Saratani ya damu ya Lubabalo, mtoto wa mama yake mdogo, ilikuwa imerudi. Walishadhani imeisha. Nywele zikaota, akarudi kucheza mpira mtaani Gugulethu, halafu ikarudi. Daktari akasema safari hii dawa peke yake haitoshi. Mtoto anahitaji uboho wa ndani ya mifupa kutoka kwa mtu mwingine, na bora awe ndugu wa tumbo moja. Asipopatikana, hawana njia nyingine.

Basi mama yake Lubabalo, Bulelwa, akaleta watoto watatu kupimwa: wawili wa nyumbani kwake, na Khwezi wa nyumbani kwa dada yake.

Nesi akamwangalia Khwezi. "Na huyu mkubwa ni wa nani?"

"Wangu," akasema dada mtu, Thobeka, aliyekaa pembeni na mkoba mapajani.

"Sasa mama, binamu wa nini? Tumesema ndugu."

"Kwetu hakuna binamu," Bulelwa akajibu. "Mtoto wa dada ni mtoto."

Nesi akacheka. "Hata mimi ni Mxhosa, mama. Nina ndugu wa kujaza basi zima. Lakini damu haijui mila."

"We mpime tu, dada'ngu. Nakuomba."

Wale wawili hawakufaa. Khwezi alifaa kabisa. Daktari alisoma majibu, akayasoma tena, akasema hii ni bahati ya ajabu. Bulelwa akalia. Thobeka akawa anafungua na kufunga zipu ya mkoba.

Lubabalo alikuwa ametengwa kwenye chumba cha peke yake. Yeye na Khwezi waliongea kwa simu, kioo katikati.

"Uboho wako ukinifanya nipende hesabu, nakushtaki kwa bibi."

"Utapenda hesabu na kuosha vyombo."

"Basi ubaki nao!"

Lubabalo alicheka mpaka akachoka, akalala na simu sikioni. Khwezi alitaka kulia, machozi hayakuja. Alichokiona kichwani ni kitu kimoja tu: mwili wa Lubabalo unaukataa uboho wake, na yeye amesimama hapohapo nje ya kioo.

Siku ya kumtoa Khwezi uboho, yeye, Thobeka na Bulelwa walifika wote watatu mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Nesi akatoa gauni moja la kijani.

"Mama wa mtoto aingie naye, amshike mpaka dawa ya usingizi imchukue. Mmoja tu."

Thobeka akalipokea. Akaingiza mkono mmoja, akasita. Akalivua, akamwekea mdogo wake mabegani.

"Ingia wewe, Bulelwa," akasema. "Siku uliyomzaa ulinikabidhi, hukutaka hata kumwangalia. Leo mshike."