Honi Tatu za Kasanda

Siku hizi dereva wa treni akifa, kumbukumbu zake za njia hutiwa ndani ya kichwa kidogo cha treni, mjane akakabidhiwa pamoja na rambirambi. Nyamizi, mjane wa dereva Kasanda, hakuwahi kutandika reli maishani. Sasa aliitandika juu ya meza ya chakula, akajenga stesheni ya Tabora kwa boksi la viatu, daraja kwa rula, na nyumba yao kwa kiberiti kitupu.

Treni ilipofika penye kiberiti ilipiga honi mara tatu, kama Kasanda alivyozoea kupiga akirudi, ili mkewe abandike maji ya ugali. Nyamizi akainuka, akayabandika huku machozi yanamtoka.

Aliporudi, treni ilikuwa imeshavuka daraja. Mahali patupu, karibu na bakuli la sukari, ikapunguza mwendo, ikapiga honi mara tatu.

"Wifi, hapo pana nini?" Nyamizi akamuuliza Tatu, dada wa marehemu, aliyekuwa amekaa naye. "Kaka yako alisema ni pori tupu."

Tatu akainamisha macho. "Mwache apumzike, wifi."

Kesho yake Nyamizi aliweka kiberiti cha pili pale pale. Tangu siku hiyo treni hupita nyumbani kwake kimya, ikaenda kupigia honi kule.