Begi la Tano la Aikande

Siku hizi hapandi mtu kuteleza kwa ubao kwenye theluji ya Kibo mpaka begi lake likaguliwe na kutiwa saini na mtu anayeishi naye nyumba moja. Na begi likishakataliwa, ndiyo basi, haliruhusiwi tena mlimani.

Ndeshi alilijaza begi la bintiye beleshi, kamba na maji, akafunga ubao kwa nyuma, akalivaa na kuzunguka nalo sebuleni. Mabega hayakuuma. Alipovuta kishikio, puto la kumwokoa mtu kwenye poromoko lilijaa papo hapo kwa mlipuko.

"Mkanda umelegea," alisema, akalikataa. Lilikuwa la tano.

Aikande alilipeleka stoo, kwenye yale mengine manne. Wiki hiyohiyo alihamia kwa mama yake mdogo. Jumamosi alipita kuaga, begi jipya mgongoni, limeshatiwa saini.

"Alivuta kishikio?" Ndeshi aliuliza.

"Mama mdogo anaogopa ule mlipuko. Aliliangalia tu."

Ndeshi aliushika mkanda wa begi lile, asiuachie.

"Chukua moja la stoo, mwanangu. Yote matano ni mazima."

"Najua, mama," Aikande alisema taratibu, akimbandua vidole kimoja kimoja. "Lakini uliyakataa."