Wimbo wa Kukanyagia Zabibu

Wageni walishavua viatu na kuingia kwenye karo la zabibu, simu mikononi, wakingoja kukanyaga. Lakini katika shamba lile hakuna aliyekanyaga kabla ya wimbo kuanza, na Yoramu alikuwa ameomba uanzishwe na mkewe.

Mkewe huyo, Sechelela, ndiye aliyeuanzisha kila msimu, enzi za usichana wake. Sasa alisimama katikati ya karo, khanga imepandishwa magotini, akiitazama miguu yake kama ya mtu mwingine.

"Mzee, wageni wana safari," alinong'ona binti aliyewatembeza. "Niimbe mimi?"

"Bado kidogo, mwanangu. Nakusihi."

Yoramu akaingia karoni na viatu vyake, akamshika mkewe mabega. "Mama Nyemo, wimbo wako huu, hujausahau wote. Nilikuja hapa kutembea tu, nikausikia, nikashindwa kuondoka. Anza. Hata neno moja." Akaanza mwenyewe, akakosea. Akarudia, akakosea tena. Mgeni mmoja akacheka, kisha akashusha simu yake.

Sechelela akainama. Akachagua zabibu moja iliyo nzima, akaifuta kwa pindo la khanga, akamlisha mumewe, kama wasichana wa shamba walivyomwonjesha kila mgeni aliyefika.

"Karibu, mgeni," alisema. "Umetoka mbali?"

Binti akaanza wimbo. Miguu yote ikakanyaga, maji mekundu yakapanda vifundoni. Yoramu alisimama katikati yao, zabibu ikiwa juu ya ulimi, asithubutu kuitafuna.