Shingo ya Mwanahawa

Siku hizi maumivu yana watu wawili wa kuyatibu. Mnyoosha mifupa akivuta kiungo kikalia mara moja, basi, umepona. Ila maumivu yanahamia kwa ndugu wa damu unayeishi naye. Mkandaji anakanda mwaka mzima, nayo yanaisha bila kumfuata mtu. Mgongo wangu niliupeleka kwa mkandaji, maana ninaishi na binti yangu Mwanahawa, naye shingo tayari ilikuwa inamtesa.

Leo alfajiri nimesujudu, shingo ikanikaza ghafla. Nikatoa salamu kwa tabu, nikamwita.

"Jana ulikwenda kwa nani, mwanangu?"

"Kwa mkandaji, mama. Si kama wewe?"

Akainama vizuri, akaniwekea mto shingoni. Sikuwa nimemwambia panapouma.